Masafa ya Mzee wa Ikinga

Gari likiharibika hupelekwa gereji. Bunduki ikiharibika Ikinga, fundi ndiye anayepanda mlima. Silaha yenye leseni haihamishwi kienyeji: inataka barua, barua inataka muhuri, na muhuri unataka maelezo ya kwa nini bunduki itembee. Rafiki yangu mmoja, wakala wa forodha pale Tunduma, alipopiga hesabu ya ofisi za kupitia akaona heri ampakie fundi mstaafu kutoka Mbeya ampeleke kwa baba yake kuliko kuishusha raifo ya baba. Mimi nikadandia. Nimekuwa nikiandika habari za uwindaji kwa muda, na mvutano wa baba na mwana ulinivutia. Mzee alisema mtutu umekwisha, anataka mpya. Mwana alisema bunduki nzima imekwisha, na hata kazi yake imekwisha.

Tunduma tuliiacha na malori yake yaliyopanga foleni kungoja kuingia Nakonde, wabadilisha kwacha wakipenya katikati ya matairi. Mpemba tukaiaga barabara kuu, tukashika lami ya Isongole, mpakani na Malawi. Ni kilometa 50 hivi, na waliowahi kulala njiani kwa sababu ya tope la zamani bado huisifu kila wanapoipita. Tukapita Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, kisha tukaanza kupanda milima ya Undali: migomba, kahawa, mahindi yaliyopandwa kwenye miteremko ambayo mimi nisingethubutu hata kuishuka kwa miguu. Msomaji asichanganye majina. Ikinga hii ni kata ya Ileje. Si Ukinga wa Makete, ambako wahunzi wa zamani walifua majembe yaliyouzwa hadi kwa Wanyakyusa.

Fundi alikaa mbele na kisanduku chake cha mbao mapajani, kana kwamba angekiweka chini kingeibiwa. Miaka yake ya kazi ilipita kwenye ghala la silaha za askari wa wanyamapori, na ni mtu wa kusema kidogo mpaka umguse kwenye mitutu. Nikamgusa.

Kinachoumaliza mtutu, alisema, si ile risasi kusugua chuma. Ni moto. Baruti ikilipuka ndani ya raifo ya .30-06, ile ambayo wawindaji huiita thati-o-siksi, joto hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi na shinikizo la gesi hufika karibu mara 4,000 ya shinikizo la hewa tunayopumua. Hudumu kufumba na kufumbua tu, lakini daima hupiga mahali pale pale: kwenye koo, pale ganda linapoishia na misokoto ya ndani ya mtutu inapoanzia. Ukitunza koo hilo na usipige mfululizo mpaka chuma kiunguze mkono, .30-06 itakupa risasi 3,000, pengine 5,000, kabla haijaanza kutawanya. Bunduki za kisasa za masafa marefu, zenye ganda kubwa na tundu dogo, huteketea mapema zaidi. .300 Winchester Magnum inaweza kuchoka katika nusu ya idadi hiyo. Kwa upande mwingine .375 H&H, iliyoanza kuuzwa mwaka 1912 na ambayo bado ni mkuki wa wawindaji wa nyati, mtu hufa kabla hajaumaliza mtutu wake.

Waingereza walijifunza somo hilo kwa gharama. Baruti yao ya kwanza isiyotoa moshi, kodaiti, ilikuwa na nitrogliserini asilimia 58, ikawa inaila mitutu ya jeshi kwa kasi ya aibu. Mwaka 1901 wakaipunguza hadi asilimia 30. Fundi alilisimulia jambo hilo kwa furaha ya mtu anayesengenya jirani.

Tulipofika, mzee alikuwa ametoka nje kutungoja, koti la suti juu ya sweta, maana huko ukungu hauondoki mpaka saa nne. Tukamwamkia. Akaitikia shikamoo za watu wote watatu, moja moja, kisha akamuuliza fundi habari za Mbeya, za mvua, za watoto, za wajukuu. Chai ya maziwa ikaletwa pamoja na ndizi za kuchemsha. Bunduki haikutajwa mpaka vikombe vikaondolewa. Ndipo alipoingia chumbani akarudi na ala ya ngozi nzito, nyekundu ya kahawia, yenye vifungo vya shaba vilivyosuguliwa vikang'aa. Ala yenyewe ilikuwa nzuri kuliko sofa tulizokalia.

Ndani yake ilikuwa Brno ZKK 600, raifo ya Chekoslovakia ya zamani. Bunduki za Brno zilienea sana Afrika, na kubwa yake, ZKK 602, ilibebwa na askari wa wanyamapori na wawindaji wa nyati nchi nyingi. Hii ya mzee ina kile kijicho kidogo cha kulengea kilichofichwa kwenye chuma cha nyuma, unakibonyeza kinachomoza. Alikibonyeza mara mbili ili mimi nikione.

Aliinunua 1979 kwa mkulima wa kahawa wa Mbozi aliyekuwa anahama nchi, mzee akiwa dereva wa lori la ushirika. Mwaka huo una maana yake. Serikali ilikuwa imefunga uwindaji wote nchini mwezi Septemba 1973, na haikuufungua tena mpaka 1978. Watu waliokaa miaka mitano bila kuonja nyama ya pori walizifuata leseni za wenyeji kwa hamu, naye akawa mmoja wao. Safari zake za Sumbawanga zikawa na kazi mbili. Kwenye mbuga za Rukwa, ambako nyasi ni fupi na mti wa kujificha hakuna, sheshe na nyamera walimwona mtu kabla mtu hajawaona. Mwenye shotigani au gobore alirudi mikono mitupu. Yeye alilala kifudifudi na kupiga mita 250, mara nyingine 300. Alilitaja neno mita kwa uzito wa pekee. Baba yake alikuwa na gobore, akaeleza, na mnyama wa baba yake ilikuwa lazima awe karibu kiasi cha kusikia harufu yake.

Fundi alimwachia amalize. Kisha akachomoa boliti, akatazama kama kuna risasi kwenye magazini, akaingiza kidole kwenye chemba kuhakikisha kwamba ni tupu, halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: aliiinua ala ya ngozi puani, akainusa.

"Mzee, bunduki inalala humu?"

"Tangu nimeinunua."

Hakusema kitu. Alimulika tochi upande wa chemba, akatazama kupitia mdomoni, akageuza, akatazama tena, akanipa nami nitazame. Koo lililoungua huonekana: chuma hupasuka vipande vipande kama tope la Rukwa lililokaukiwa na maji. Pale sikuona mpasuko. Niliona misokoto mizima, myeusi kidogo, na katikati ya mtutu madoa ya vishimo vya kutu yaliyojipanga upande mmoja, ule uliokuwa chini wakati bunduki imelala.

Akaomba kitabu cha leseni. Risasi hununuliwa kwa leseni na ununuzi huandikwa, kwa hiyo maisha ya bunduki ya halali yamo kwenye mihuri. Alizijumlisha kwa penseli, ukurasa kwa ukurasa, mzee akitazama kwa wasiwasi wa mwanafunzi anayesahihishiwa daftari. Hazikufika 600 kwa umri wote wa raifo hiyo mikononi mwake.

"Mtutu huu haukuchakaa kwa kupiga," fundi alisema. "Umechakaa kwa kukaa."

Ngozi ndiyo iliyofanya hivyo. Hubaki na chumvi na dawa za kutengenezea, hunyonya unyevu wa ukungu, kisha huukumbatisha chuma usiku na mchana. Fundi alishuku pia risasi za zamani zilizopitia humo miaka ya mwanzo, za aina ambayo fataki yake huacha chumvi ndani ya mtutu kila inapolipuka. Chumvi hiyo haiondolewi na mafuta. Huondolewa na maji ya moto, mtutu ukaushwe, ndipo mafuta yafuate. Mzee alikuwa akipaka mafuta juu ya chumvi miaka yote, tena kwa bidii. Bidii hiyo ilikuwa na madhara mengine. Fundi alichukua risasi ya mazoezi isiyo na baruti, akaichomeka ncha yake mdomoni mwa mtutu. Ingepaswa kukwama mapema, shaba ya kutosha ibaki nje. Ilizama karibu mpaka shingo ya ganda, na ikalalia upande. Ufito wa chuma wa kusafishia, ulioingizwa kupitia mdomoni mwaka baada ya mwaka, ulikuwa umekwangua ukingo wa mdomo upande mmoja. Hapo ndipo risasi inapoagana na bunduki. Ukingo ukiwa umepinda, gesi hutoka upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi kando.

Kwa mtazamo wangu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu akikosa shabaha anasema mtutu umekufa, na anayeuza mitutu hana sababu ya kumbishia. Kumbe kuna vifo vya namna mbalimbali, na vingine si vya mtutu kabisa.

Kifo hicho kisicho cha mtutu tulikiona mchana. Mwana alikwisha kumwarifu mtendaji na polisi kata, na mtendaji mwenyewe akaja, zaidi kwa udadisi kuliko kwa kazi. Tulikwenda kwenye shamba la mzee lililovunwa, penye ukuta wa mlima nyuma yake. Ukungu ulikuwa umepasuka, na ng'ambo ya bonde la Mto Songwe ilionekana milima ya Malawi.

Bonde hilo lina historia ndefu ya bunduki. Chini kule, Karonga, Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa na pembe, alipigana na Kampuni ya Maziwa ya Afrika tangu 1887. Lugard, ambaye baadaye angetawala Nigeria, alijeruhiwa hapo mwaka 1888, na Mlozi akanyongwa Desemba 1895. Septemba 1914 Wajerumani waliuvuka Mto Songwe kuishambulia Karonga hiyo hiyo. Askari Waafrika wengi wa jeshi lao waliingia vitani na Mauser ya mwaka 1871, iliyofuka moshi mweupe kila ilipopigwa na kumwonyesha adui mahali pa kulenga.

Katikati ya matukio hayo ulitiwa saini Mkataba wa Brussels, 1890. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kwamba raifo na bunduki za kisasa zisiingizwe kiholela katika sehemu kubwa ya Afrika, kwa sababu ya biashara ya watumwa. Zilizoachiwa mlango zilikuwa bunduki za jiwe zisizo na misokoto, na baruti ya kawaida. Nia inaweza kuwa ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba masafa marefu yakawa mali ya mtu mmoja na gobore ikawa ya mwingine, kwa maandishi. Gobore haifiki mbali, maana gololi isiyozungushwa huyumba hewani. Raifo ya mzee huizungusha risasi mara moja kila sentimeta 25.4, na risasi inayotoka kwa mita 850 kwa sekunde inakuwa inazunguka zaidi ya mara 3,000 kila sekunde. Mzunguko huo ndio unaoiweka kwenye mstari. Mtu ambaye baba yake alikuwa na gobore, akija kumiliki misokoto, simshangai akiitunza kwa ala ya ngozi.

Mzee ndiye aliyepiga. Leseni ni yake. Fundi hakuigusa trigeri. Boksi la karatasi liliwekwa hatua mia moja, akalala kifudifudi juu ya gunia, koti la suti likivutwa nyuma. Risasi ya kwanza na ya pili zilitoboa boksi zikiachana kwa upana wa kiganja. Ya tatu ikapanda juu kulia, nje kabisa. Wakasubiri chuma kipoe, akarudia: mbili ndani, ya tatu nje, upande ule ule.

"Elfu mbili," fundi akamwambia mwana. Mwana akatoa noti akidhani ni ya soda. Fundi aliikunja mara moja, akaipenyeza kati ya mtutu na mti wa mbele, akaivuta kuelekea nyuma. Ilikwenda kidogo ikakwama. Mti uliokuja na bunduki kutoka kiwandani uliwahi kuvunjika, na seremala wa Mbozi akatengeneza mwingine wa mninga. Kazi nzuri, mbao nzuri. Mninga hauchezi sana na unyevu. Lakini seremala aliubana mti na mtutu kama anavyobana mlango na fremu yake, na mtutu ukipata joto ukanyooka kidogo, hauna pa kwenda, unausukuma mti, nao unaurudisha. Risasi ya tatu ilikuwa ikilipa deni la seremala.

Jioni, kwenye sofa, hesabu ikafanywa. Mtutu mpya ungetoka Ujerumani au Marekani, kwa kibali cha kuuingiza, kisha fundi mwenye leseni na mashine ya kukereza aufunge, akate chemba na kuipima nafasi kati ya boliti na ganda, maana nafasi ikizidi ganda hupasuka usoni mwa mpigaji. Kuna njia ya kuuchimba huu huu uwe mpana zaidi ili vishimo vya kutu viondoke, .30-06 igeuke .35 Whelen, risasi iliyobuniwa Marekani 1922. Fundi aliitaja akaifukuza mwenyewe: leseni ya .30-06 haiwi leseni ya .35, na risasi zake mzee angezitafuta Mbeya yote bila kuziona. Kuisuka bunduki nzima upya, na darubini juu yake, kungegharimu kuliko bunduki mpya.

Mwana akaingia na hesabu yake. Baba anapiga risasi chache mno kwa mwaka, nyingi zikiwa za nguruwe wanaoingia kwenye mahindi. Mtutu mpya una risasi 3,000. "Baba, utautumia miaka mia tatu."

"Atautumia mjukuu."

Pakawa kimya cha adabu. Fundi ndiye aliyeeleza, polepole, kwamba bunduki hairithiwi kama jembe. Mwenye leseni akifariki, silaha hupelekwa polisi, na anayeitaka huanza mwanzo: maombi, vikao, uchunguzi, leseni kwa jina lake. Mwana hakuwa ameficha kwamba yeye hatauanza mlolongo huo. Anakumbuka Operesheni Uhai ya 1989 akiwa kijana, na Tokomeza ya 2013 akiwa mtu mzima, na siku ambazo hata wenye karatasi halali waliogopa kugongewa mlango. Kwake bunduki nyumbani ni mgeni wa kuangaliwa usiku kucha.

Mimi ningeuliza swali jingine kabla ya bei. Mtutu wa masafa hununuliwa kwa ajili ya mnyama wa masafa, na Ikinga mnyama huyo hayupo; nguruwe wa mzee hupigwa karibu na shimo la choo. Kuurudishia mtutu huu mita 300 ni kuilipia Rukwa ambayo mzee hataifikia tena kwa lori la ushirika. Sikulisema. Lakini nadhani fundi alikuwa akifikiri hivyo hivyo, kwa sababu hakuuandika mtutu mpya kwenye karatasi aliyoichana kutoka daftari la mjukuu. Aliandika kazi tatu. Kukwangua mti mpaka noti ipite. Kupanua kidogo sentimeta mbili za mwisho ndani ya mdomo, ili ukingo ulioliwa uache kufanya kazi na risasi iagane na mtutu kwenye misokoto mizima. Warusi walizifanyia hivyo Mosin-Nagant nyingi walipozikarabati, na faida yake ni kwamba mtutu haukatwi wala shabaha ya mbele haihamishwi. Na ala ya ngozi ibaki ukutani, tupu.

Vishimo vya kutu vibaki. Vitakusanya uchafu wa shaba, vitataka kusafishwa mara nyingi zaidi, kwa ufito wa shaba, kupitia upande wa chemba.

"Na masafa?" mzee aliuliza.

"Mita mia moja na hamsini, ukiwa umeegemea."

Mzee alifikiri. "Sheshe hakubali mia na hamsini."

"Nguruwe anakubali."

Kazi yenyewe ilibidi ifanyike kwenye karakana yenye leseni, kwa hiyo barua ikaandikwa palepale, mwana akiwa na kalamu. Aina ya silaha, namba, jina la mmiliki. Sababu ya kuihamisha: matengenezo. Mzee alikataa neno mtutu lisiandikwe popote, wasije wakauliza mtutu gani. Walipofika kwenye matumizi, mwana aliandika kulinda mazao. Baba alivaa miwani, akasoma, akakichukua kitabu cha leseni na kuuweka ukurasa wa kwanza mbele ya mwanawe. Mwana akafuta kulinda mazao, akaandika uwindaji.